Mchele wa Wasiokuwepo

Ninyi mnaopenda kuchaguliwa kwenye vyama, kaeni hapa mbele. Na ninyi mnaowachagua wenzenu kisha mnakwenda zenu kulala, msijifiche huko nyuma, maana hasa ninyi ndio niliowajia. Nitawasimulia habari za Nafisa wa Buyenzi, mke wa Muadh fundi wa magari, na chama kimoja cha kusaidiana, kizuri kabisa, kilichokaribia kumuua mtu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, Jumanne asubuhi. Vita vilikuwa vimeuzunguka mji wa Bujumbura, na tangu nchi jirani zituwekee vikwazo hata sukari ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Lakini Jumanne ya kwanza ya kila mwezi ilikuwa siku ya mchele, na siku ya mchele watu walipumua. Wajane, wazee na wasio na kazi walijaa kwenye ua wa chama, avenyu ya kumi na nne, mifuko mikononi, wanasukumana na kutaniana. Nafisa alikaa mezani na karatasi ya majina na sifongo ya wino.

"Bibi, weka dole gumba tu. Siyo mkono mzima!"

"Na nikiweka mkono mzima mutanipa kilo ngapi?"

Watu wakaangua kicheko, na Nafisa naye akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Aliipenda siku hii. Tangu achaguliwe kuwa trezoriye, yaani mweka hazina wa chama, wanawake wa mtaa walimwamkia kwa heshima hata akiwa upande wa pili wa barabara. Alikuwa na binti mmoja, Hiba, na mume mpole, na jina safi. Mtu akiwa na hivyo vitatu wakati wa vita, anataka nini zaidi?

Basi pale pale, kicheko hakijaisha, Candide akamwinamia sikioni. Candide alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba asiyependa kelele, na ndiye aliyekuwa sekretere, yaani katibu wa chama.

"Dada Nafisa, nimehesabu watu wote waliopita. Ni mia na kumi na tisa. Karatasi iko na majina mia na sitini. Arobaini na mmoja wako wapi?"

Nafisa alijisogezea sifongo ya wino. "Prezida anajua," akajibu bila kuinua macho. "Muulize prezida."

Sasa niwaeleze hao arobaini na mmoja ni akina nani, kwa sababu jambo hili halikuanza kwa wizi. Lilianza kwa huruma, na ndiyo maana linanitisha mpaka leo.

Miaka miwili nyuma, risasi ziliingia mtaani asubuhi, watu wakakimbia walivyo. Wengine walivuka ziwa hadi Kigoma, wengine Kongo, wengine hakuna aliyejua. Na wachache, watu walinong'ona, walipanda milimani kushika bunduki. Jirani yake Nafisa aitwaye Sijaona, mwuza sambusa, aliondoka na ndala moja. Jumanne ya mchele iliyofuata wazee wa kike walisimama mezani wakamwambia Nafisa, "Usimukate Sijaona. Wiki ijayo atakuwa amerudi." Kumkata mtu kwenye karatasi kulikuwa sawa na kutangaza kwamba amekufa, na nani angethubutu kutamka hivyo juu ya jirani yake? Nafisa akachovya dole lake mwenyewe kwenye wino, akalibandika mbele ya jina la Sijaona. Mchele wake akauweka kwenye debe amtunzie. Ukaingia fukusi, akaugawa kwa wengine. Mwezi uliofuata akabandika tena.

Hapo ndipo Massoudi alipoona mlango. Massoudi alikuwa prezida wa chama, mwuza vipuri, mtu wa mizaha na mkono mwepesi wa kutoa. Chama alikianzisha kwa pesa zake, hilo tusimnyime. Lakini wafadhili wa kutoka ng'ambo walipokuja, walitoa kwa kuhesabu vichwa: kila jina kilo nane za mchele kwa mwezi.

"Tukiwakata, bayeri atapunguza," alisema Massoudi kwenye mkutano. Bayeri ndivyo walivyomwita mfadhili. "Sasa wakirudi watakula nini? Mawe?" Watu wakaitikia kwa vichwa, kweli, kweli. Baada ya mkutano akamvuta Nafisa pembeni. "Mama Hiba, we saini tu hapo chini. Mistari iliyobaki mi nitaijaza dukani."

Akasaini karatasi ambayo haijajaa. Akasaini mwezi wa pili, na wa tatu, mpaka miezi ishirini na miwili. Katiba ya chama ilisema kila miezi mitatu wanachama wawili wasio wa kamati waingie ghalani wahesabu magunia na kulinganisha na karatasi. Candide aliikumbusha mara tatu. Massoudi alicheka kila mara: "Sisi ndugu wa damu tukaguane kama watu wa forodha? Nani hapa ananiita mwizi, asimame!" Hakuna aliyesimama. Nafisa naye alicheka pamoja na wengine, na moyoni alikuwa anaogopa. Alimwogopa Massoudi kununa. Aliogopa kuambiwa hana adabu, kwamba mtu anawalisha wazee wa mtaa, yeye anamhesabia magunia. Ramadhani ilipofika, Massoudi akamletea nusu gunia ya shukrani, naye hakuuliza imetoka ghala gani.

Haya. Jumanne ile ikapita. Alhamisi yake, lori la Massoudi lilisimamishwa kwenye bariyeri, kizuizi cha askari cha barabara ya Gatumba, likielekea mpakani. Lilikuwa na magunia ishirini, yote yana alama ya wafadhili. Dereva aliulizwa mchele ni wa nani. Ili kuonyesha kwamba mchele ni wa maskini, akatoa karatasi ya majina ya mwezi uliopita. Mjinga wa watu, alidhani anajiokoa. Askari akaisoma polepole kutoka juu kwenda chini. Akalitambua jina moja, akamwita mkubwa wake.

Ijumaa mchana Muadh alikuwa ameshaoga, amevaa kanzu yake nyeupe ya kwenda kuswali, anatafuta kofia. Askari watano wakaingia uani bila hodi. Wa mbele alikuwa kapteni, mtu wa sauti ndogo, na mkononi ana karatasi.

"Nani ni Nafisa, trezoriye?"

"Ni mimi," alisema Nafisa.

Kapteni akaweka kidole kwenye saini. "Sinyatire hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Sawa. Tazama namba thelathini. Huyu mutu tunamutafuta tangu mwaka jana, yuko porini na bunduki. Hapa inaonyesha mwezi uliopita alikuja kwako, akaweka dole, akabeba mchele." Akakunja karatasi taratibu. "Nimeuliza kwa shefu wa mutaa. Watu arobaini na mmoja wa hii karatasi hawaonekani Buyenzi miaka miwili. Lakini wanakula. We mama, unalisha nani?"

Muadh akasogea mbele. "Kapteni, samahani, mke wangu siyo mutu wa—"

"We nani?"

"Mume wake."

"Vizuri," alisema kapteni, na akawapa askari ishara kwa kidevu.

Walimfunga mikono kwa kamba ambayo Nafisa mwenyewe alikuwa ameanikia nguo asubuhi. Hiba alipiga ukunga ndani. Nafisa aliishika kanzu ya mumewe, askari mmoja akamwondoa vidole kimoja kimoja, bila hata hasira.

"Wewe sikuchukui," kapteni alimwambia. "Wewe uko na kazi. Jumatatu, saa nne ya asubuhi, niletee hao arobaini na mmoja. Wasimame kwenye ua wangu, niite majina, waitike. Kama wapo, wapo. Wasipofika, usije tena kumutafuta huyu."

Gari likaondoka. Adhana ilikuwa inaadhiniwa. Nafisa alikaa kizingitini juani, mchana kweupe. Kila mtu wa mji ule alimjua mtu aliyechukuliwa namna ile, na wengi hawakupata hata pa kuzika. Majirani walifunga madirisha. Wale wale waliosema usimukate, usimukate, siku hiyo hakuna aliyeleta hata kikombe cha maji. Nami siwalaumu sana, waliogopa wote.

Alikimbilia duka la Massoudi, akalikuta na kufuli mbili. Jumamosi alasiri ndipo alipomkuta, nyuma ya nyumba ya wakwe zake avenyu ya tatu, amekaa juu ya begi lililofungwa. Prezida wa mizaha alikuwa na midomo ya majivu.

"Massoudi, wamemchukua Muadh. Kapteni anataka wale arobaini na mmoja Jumatatu. Twende useme ni wewe."

"Niende? Wataniua, Mama Hiba! Nyama ya mbuzi buchani ina afadhali!" Akaanza kulia, mtu mzima yule. Kisha akamgeuzia maneno. "Na kwani nilikuwa peke yangu? Nani alisaini? Si nyinyi wote mulinyamaza?"

Na ilikuwa kweli.

Massoudi akafuta uso, na yule mtu wa mipango akarudi ndani yake. "Sikiliza. Anataka watu arobaini na mmoja? Tumupe. Buterere watu wana njaa. Kuna mwanamke kule anakusanya vibarua wa mashamba ya mpunga. Mutu na jina lake, mutu na jina lake, wanaitika, anaridhika, basi. Pesa hizi hapa." Akamtia noti mkononi. "Kapteni mwenyewe anawajua wangapi kwa sura? Mmoja, wawili. Hao tutasema wanaumwa."

Ndugu zangu, msiseme ninyi mngekataa. Mtu wako amefungwa mikono, umebakiwa na siku moja na nusu, na mtu anakuonyesha njia. Nafisa alizichukua zile noti.

Jumapili asubuhi alikuwa Buterere, matope mpaka vifundoni. Kufika adhuhuri yule mwanamke wa vibarua alikuwa amewapanga watu ukingoni mwa shamba, wanawake kwa wanaume, wengi pekupeku. Nafisa alipita akimgawia kila mmoja jina, na kila mmoja akalirudia kwa bidii, kama watoto siku ya kwanza ya shule. Walifurahi. Walikuwa wameambiwa kuna pesa, na pengine chakula.

Bibi mmoja asiye na meno alipewa jina la Sijaona. Akawa analisema peke yake, anatabasamu. "Sijaona. Mi naitwa Sijaona." Akamshika Nafisa mkono. "Mama, nikiitika vizuri, muzungu atatupa na mafuta?"

Nafisa akauliza, "Muzungu gani?"

"Si huyo anayeita majina."

Hapo Nafisa akauona ule ua wa kapteni waziwazi. Akamwona kapteni na karatasi yake, anaita jina la mtu wa porini, na kibarua wa Buterere ambaye hajui lolote anajibu kwa sauti kubwa: niko! Wamesimama mstari mmoja, ukuta uko nyuma yao. Alikuwa anawapeleka watu arobaini na mmoja kufa, kwa noti ya mia tano kila mmoja.

"Rudini makwenu," alisema. Hawakumsikia. Akapiga kelele: "Rudini! Chukueni pesa, mwende zenu! Sahauni hayo majina!"

"We mama, una wazimu? Umetupotezea siku!" yule mwanamke wa vibarua alimfokea. Nafisa alimwachia noti zote, akaondoka mbio kwenye matope, kiatu kimoja kikabaki huko.

Mnauona ugonjwa huu unavyokua? Unaanza kwa kujaza mstari kwa dole la mwingine. Ukizoea, unafika siku ya kuujaza kwa mwili wake.

Jua lilikuwa bado juu alipogonga mlango wa Candide, chumba cha kupanga huko Bwiza. Candide alifungua kidogo tu, jicho moja likaonekana.

"Nimesikia. Tangu Ijumaa silali, dada. Jina langu nalo liko kwenye chama."

"Candide, lile daftari la mikutano. Bado unalo?"

Mlango ukafunguka. Candide alilitoa chini ya godoro, daftari la shule lenye jalada la bluu. Kila mkutano aliuandika humo, tarehe, nani alikuwepo, nani alisema nini. Alikuwa ameandika na majina ya waliokimbia, na mwezi walioondoka. Alifanya hivyo kwa sababu katiba ilimtaka sekretere afanye hivyo, na yeye alikuwa mtu wa namna hiyo.

"Na wewe umo," alisema kwa upole. "Kila nilipouliza hao watu wako wapi, nimeandika jibu lako. 'Prezida anajua.' Liko mara tisa."

Nafisa aliona haya kiasi cha kutamani ardhi immeze. "Nipe," alisema. "Nitalipeleka lilivyo."

"Nitakusindikiza kesho mpaka kona. Mlangoni siingii. Unisamehe."

"Inatosha, mwalimu. Inatosha sana."

Jumatatu, saa nne kasoro, Nafisa aliingia kwenye ua wa kapteni peke yake. Ulikuwa ua wa kawaida, umefagiliwa, una ndoo ya maji na ukuta wa matofali. Hakuutazama ule ukuta. Kapteni alikuwa mezani barazani.

"Watu wangu wako wapi?"

"Hawapo, kapteni. Hawakula mchele huo hata punje. Tuliuiba sisi." Akaweka daftari mezani. "Soma. Imeandikwa walikimbia lini, na tulikubaliana nini, na nani alinyamaza."

Kapteni alisoma muda mrefu. Inzi alitembea kwenye ukingo wa meza. Nafisa alihesabu pumzi zake kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushika.

"Kwa hiyo ulikuwa unadanganya wazungu wakati ule, au unanidanganya mimi sasa. Moja kati ya hizo mbili. Nitajuaje?"

Nafisa akaomba wino. Akachovya dole gumba la kulia, akalibandika kwenye karatasi tupu. Sindano ya cherehani iliwahi kulipasua katikati, kovu likabaki. Kapteni akalinganisha na mstari wa Sijaona kwenye zile karatasi za zamani, alizokuwa amezichukua ofisini kwa chama. Kovu lile lile. Akapitia mistari mingine, sasa kwa macho mengine. Dole moja pana, lenye alama za grisi, la Massoudi mwuza vipuri, lilijirudia namba thelathini, thelathini na mbili, arobaini, sitini. Lilikuwa limejaza nusu ya wasiokuwepo, na mistari mingine ilikuwa na dole la tatu, jembamba, ambalo Nafisa alidhani ni la dereva wa lori.

"Kumbe ni vidole vitatu tu," alisema. "Vidole vitatu vimekula kwa watu arobaini na mmoja." Alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Wewe ulikula kiasi gani?"

"Nusu gunia, Ramadhani. Lakini nimesaini yote."

"Basi wewe ni mwizi, siyo mwasi."

"Ndiyo. Mimi ni mwizi, kapteni."

Mama wa watu, mwenye jina safi! Alilisema neno hilo akaliona kama maji ya kunywa, kwa sababu upande wa pili wa neno hilo alikuwepo Muadh.

Lakini kapteni hakuwa amemaliza. Alimsukumia karatasi na kalamu nyekundu. "Bado nataka kujua hawa watu wako wapi. Waliokufa, futa. Utakayemwacha bila kufuta, ni mzima, na mimi nitamutafuta. Huyu namba thelathini usimuguse. Huyo mi namujua."

Nafisa alielewa. Hakujua nani amekufa na nani yu hai. Alichojua ni kwamba jina lolote atakaloliacha litakwenda na karatasi hiyo kwenye kila bariyeri, na siku mwenye jina akirudi nyumbani kwake, atakutana nalo. Akaanza kufuta. Alifuta wanaume aliosoma nao, alifuta mama na wanawe wawili. Alipofika kwa Sijaona mkono ulisimama. Sikukuu ya Idi iliyopita wafanyabiashara wa ziwani walikuwa wamemletea salamu: Sijaona yupo Kigoma, anauza sambusa, anasema mtunzieni mlango wake. Nafisa akamfuta. Kalamu ilitoboa karatasi.

"Wote?"

"Wote, kapteni. Wote wamekufa."

Walimtoa Muadh alasiri hiyo. Kanzu haikuwa nyeupe tena, na mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kama mguu. Mpaka leo hii mkono huo haukamati spana. Walipishana getini yeye anatoka, Nafisa anapandishwa gari la kwenda gerezani, na waliruhusiwa kutazamana tu. Mahakama ilimpa miezi kumi na minane kwa wizi wa msaada. Massoudi alivuka mpaka, hakuonekana tena. Wafadhili waliandika barua ya ukurasa mmoja, wakafunga ghala, wakaondoka.

Mwezi wa pili Muadh alikuja kumwona. Walikaa kwenye benchi la wageni, chakula alichopika Hiba kikiwa kati yao.

"Jumanne nilipita kwenye ua wa chama," alisema Muadh. "Wale wazee walikuwepo. Wamekuja na mifuko yao."

"Hawajaambiwa?"

"Wameambiwa. Wanakuja tu. Walikaa mpaka adhuhuri." Akaukanda mkono wake mbovu. "Yule bibi aliyetania juu ya mkono mzima hayupo tena. Alizikwa Jumamosi. Wanasema ni njaa, wengine wanasema ni malaria. Njaa ilikuwemo."

Nafisa alijifunika uso kwa mtandio.

"Niliwauliza kama wana kinyongo na wewe," Muadh aliendelea. "Mmoja akaniambia, 'Sisi hatujui kusoma, Baba Hiba. Ndiyo maana tulimuweka yeye kwenye meza. Tulifikiri anatusomea.'"

MAFUNZO

Wanachama wenzangu, nisikilizeni vizuri. Massoudi alikuwa mwizi, lakini wezi wapo kila mahali, na chama chenye macho kinaishi nao bila kuangamia. Chama hiki kiliuawa na aibu ya kuuliza. Nafisa aliogopa uso wa prezida wake, akaishia kuogopa ukuta wa kapteni. Angeuliza mapema, angenuniwa wiki mbili. Hakuuliza, na gharama yake mmeisikia.

Kwa hiyo: usisaini karatasi ambayo haijajaa, hata kama anayekuomba alikulea. Katiba ikisema ghala lihesabiwe, lihesabiwe hata mkiwa ndugu wa tumbo moja, na anayenuna akihesabiwa ndiye muanze naye. Aliyekimbia mwekeeni karatasi yake pembeni, mwandike ameondoka lini, msubirini kwa mapenzi yote. Lakini msile kwa jina lake, wala msimwache mtu mwingine ale, kwa sababu jina la mtu asiyekuwepo halina wa kulitetea. Mkipata sekretere mkorofi anayeuliza uliza na kuandika kila kitu, mshukuruni Mungu, msimcheke.

Na wewe usiye na cheo chochote, unayekuja na mfuko wako Jumanne, uliza. Mwambie aliye mezani akusomee karatasi yote, jina kwa jina, kwa sauti, mbele ya watu. Asiyetaka kuisoma, mwondoeni kwenye meza siku hiyo hiyo.